Majaribio ya kuchanganya dawa kwa limfoma inayokua polepole: kinachopimwa ni nini hasa?

Mfamasia wa Wodi (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, mara nyingi mtu huuliza humu ni dawa ipi iliyo bora kwa mgonjwa aliyegundulika hivi karibuni kuwa na limfoma ya folikula. Majibu huja kwa majina ya dawa peke yake, wala hakuna anayeuliza ubora huo umepimwa kwa kipimo gani. Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini tatizo liko hapo. Katika saratani hii, jaribio moja linaweza kutangaza ushindi mkubwa na wagonjwa wa pande zote mbili wakaishi miaka ileile, na jaribio jingine likasemekana limeshindwa ilhali limefungua njia ya tiba ambayo wagonjwa wengi wangeipenda.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Limfoma ya folikula ni saratani ya seli B, yaani aina ya chembe nyeupe za kinga, na ndiyo inayoonekana zaidi miongoni mwa limfoma zinazokua polepole. Kwa wagonjwa wengi, takribani asilimia 85, kipande cha kromosomu ya 14 na kipande cha kromosomu ya 18 hubadilishana mahali, na matokeo yake ni kwamba seli hutengeneza kwa wingi protini iitwayo BCL2, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isife. Kwa hiyo tatizo kubwa la seli hii ni kukataa kufa, zaidi ya kuzaliana kwa kasi. Ndiyo maana mgonjwa hupata mitoki shingoni, kwapani au kwenye kinena isiyouma, ikivimba na kunywea kwa miezi au hata miaka, na anapofika hospitali mara nyingi ugonjwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne na umeingia kwenye uboho. Dawa zinazoua seli wakati zinapogawanyika, yaani kemo, huupunguza ugonjwa huu vizuri sana, lakini kwa kawaida haziung'oi.

Hali hiyo ilionekana wazi katika kumbukumbu za Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, ambako wagonjwa waliofuatiliwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1992 walionekana kuishi muda uleule bila kujali miaka waliyotibiwa, ingawa katika kipindi hicho dawa ziliongezeka na michanganyiko ikazidi kuwa mikali. Madaktari haohao wa Stanford waliandika mwaka 1984 kuhusu wagonjwa ambao hawakupewa dawa yoyote mwanzoni, na karibu asilimia 23 kati yao ugonjwa ulinywea wenyewe kwa muda. Baadaye Waingereza waliwagawa kwa kura wagonjwa 309 wasio na dalili, wengine wakaanza kidonge cha klorambusili mara moja na wengine wakasubiri chini ya uangalizi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003, baada ya ufuatiliaji wa miaka mingi, hayakuonyesha tofauti yoyote ya muda wa kuishi.

Mabadiliko yalianza Novemba 1997, Marekani iliporuhusu rituksimabu, kingamwili iliyotengenezwa ili ishike alama ya CD20 iliyo juu ya seli B. Ilikuwa kingamwili ya kwanza ya aina yake kuruhusiwa kutibu saratani. Katika jaribio lililoifungulia mlango, wagonjwa 166 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia walipewa dripu nne tu, moja kila wiki, na asilimia 48 kati yao uvimbe ulipungua kwa kiwango kilichokubalika. Kingamwili hii hainyonyoi nywele wala haiathiri uboho kama kemo, na njia yake ya kuua seli ni tofauti na ya kemo, kwa hiyo ilikuwa jambo la kawaida kwa watafiti kujiuliza nini kitatokea ikiunganishwa na dawa za zamani tangu siku ya kwanza ya matibabu.

Jibu lililo wazi kuliko yote lilitolewa mwaka 2005. Wagonjwa 321 ambao hawakuwahi kutibiwa waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa mchanganyiko wa CVP, yaani siklofosfamidi, vinkristini na prednisoloni, na nusu wakapewa mchanganyiko huohuo pamoja na rituksimabu. Katika kundi la CVP peke yake, nusu ya wagonjwa tiba ilikuwa imeshindwa ifikapo mwezi wa 7, na katika kundi lililoongezewa rituksimabu ilichukua miezi 27. Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kuwa baada ya miaka minne asilimia 83 ya waliopata rituksimabu walikuwa hai, dhidi ya asilimia 77 ya wenzao. Majaribio mengine ya Ujerumani na Ufaransa yaliyotumia kemo tofauti yalielekea upande huohuo. Kwangu mimi, hapa ndipo mahali pekee katika historia yote ya tiba ya mwanzo ya ugonjwa huu ambapo mchanganyiko mpya uligusa muda wa kuishi wenyewe. Mengi yaliyofuata yaligusa mambo mengine, na hayo ndiyo ningependa tuyajadili.

Bi Mkubwa wa Kisauni

Ndugu Mfamasia, ahsante kwa maelezo. Mdogo wangu alikatwa kinyama shingoni na majibu yakaja kuwa ni limfoma hiyohiyo ya folikula, hatua ya tatu. Hana homa, hajapungua uzito, anakwenda kazini kila siku. Daktari bingwa amemwambia asianze dawa yoyote kwa sasa, arudi baada ya miezi mitatu. Nyumbani hatuna amani, kwa sababu tulivyozoea ni kwamba saratani ikionekana hupigwa haraka, na kuna jamaa yetu aliyeko Muskat anayesisitiza aanzishiwe mchanganyiko wa kemo uitwao CHOP pamoja na rituksimabu mara moja. Naomba uniambie waziwazi, je, anacheleweshwa?

Mfamasia wa Wodi

Bi Mkubwa, shikamoo. Mimi simtibu mdogo wako na sijaona majibu yake, kwa hiyo nitaeleza kanuni iliyotumika bila kumhukumu daktari wake. Wafaransa waliweka vigezo vinavyojulikana kama vya GELF, ambavyo vimetumika kuamua nani aingizwe kwenye majaribio ya dawa za mwanzo na nani asubiri. Mgonjwa huhesabiwa kuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa ikiwa ana tezi moja inayozidi sentimita 7, au tezi tatu katika maeneo tofauti ambazo kila moja inazidi sentimita 3, au bandama iliyovimba sana, au homa, jasho la usiku au kupungua uzito, au maji kwenye kifua au tumbo, au damu iliyopungua kwa sababu uboho umeingiliwa, au uvimbe unaobana kiungo muhimu kama figo. Asiye na lolote kati ya hayo huweza kusubiri.

Jambo ambalo jamaa wa Muskat huenda hajaliona ni kwamba majaribio karibu yote anayoyasikia, ya CHOP (yaani CVP iliyoongezewa doksorubisini) na bendamustini (kemo nyingine) na mengine, yaliwachukua wagonjwa waliohitaji tiba kwa vigezo hivyo au vinavyofanana navyo. Matokeo yake hayawezi kuhamishiwa kwa mtu anayekwenda kazini kila siku bila dalili, kwa sababu mtu huyo hakuwamo ndani ya jaribio.

Lipo jaribio lililomhusu mtu kama mdogo wako moja kwa moja, nalo ni la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2014. Wagonjwa wasio na dalili waligawanywa kati ya kusubiri na kupewa rituksimabu peke yake. Baada ya miaka mitatu, asilimia 88 ya waliopewa rituksimabu kwa muda mrefu walikuwa hawajahitaji tiba nyingine, dhidi ya asilimia 46 ya waliosubiri, lakini muda wa kuishi haukutofautiana. Kwa hiyo kusubiri ni njia iliyopimwa na ikathibitika kuwa salama. Ninyi nyumbani mhakikishe tu kwamba miadi ya miezi mitatu haikosi, na kwamba akianza kupata jasho la usiku, au uvimbe ukaongezeka ghafla, anarudi kabla ya miadi. Uvimbe mmoja unaokua haraka kuliko mingine humtia daktari wasiwasi kuwa ugonjwa umegeuka kuwa wa aina kali, na hapo hukatwa kinyama upya.

Mwalimu wa Takwimu

Naomba niongeze kuhusu kipimo, kwa sababu hapo ndipo wasomaji wengi wa habari za tiba hupotezwa, wakiwemo wasomi.

Jaribio la kiwango cha juu lingepaswa kuhesabu vifo. Lakini katika ugonjwa ambao mgonjwa aliyegundulika leo ana nafasi kubwa ya kuwa hai baada ya miaka kumi, kuhesabu vifo maana yake ni kusubiri miaka kumi na mitano, na kwa wakati huo dawa iliyopimwa imeshazeeka, na wagonjwa wa pande zote mbili wameshapewa dawa nyingine mbili au tatu baada ya ugonjwa kurudi. Kifo kinapotokea, huwezi kujua kwa uhakika kimetokana na uchaguzi wa mwanzo au na yaliyofuata. Watafiti kwa hiyo huhesabu muda ambao mgonjwa anakaa bila ugonjwa kuendelea wala kufariki. Hicho ni kipimo halali, ila ni cha kitu kingine.

Kwa sababu hata hicho huchukua miaka, wachambuzi walikusanya data za wagonjwa 3,837 kutoka majaribio 13 ya tiba ya mwanzo, wakachapisha mwaka 2017 hoja kwamba asilimia ya wagonjwa waliosafika kabisa, yaani ugonjwa hauonekani tena kwenye vipimo, miezi 30 baada ya kuanza tiba inaweza kutabiri vizuri ni mchanganyiko upi utakaochelewesha kurudi kwa ugonjwa. Mtaona basi kuna ngazi: kusafika kwa miezi 30 kunawakilisha muda bila ugonjwa, na muda huo nao unatumainiwa kuwakilisha maisha. Ngazi ya kwanza imethibitishwa kwa takwimu. Ya pili bado inayumba kwa ugonjwa huu.

Nitoe mfano wa namba halisi. Jaribio la Ujerumani liitwalo StiL lilianza kuandikisha wagonjwa mwaka 2003 katika vituo 81, likawagawa wagonjwa 549 wenye limfoma zinazokua polepole pamoja na wachache wenye limfoma ya seli za joho. Kundi moja lilipewa bendamustini na rituksimabu, jingine CHOP na rituksimabu, kisha matokeo yakatolewa mwaka 2013. Katika kundi la bendamustini, nusu ya wagonjwa walikaa miezi 69.5 au zaidi bila ugonjwa kuendelea, na katika kundi la CHOP ilikuwa miezi 31.2. Tofauti ya zaidi ya miaka mitatu si ndogo hata kidogo, na bado walipohesabu waliokuwa hai hawakupata tofauti ya kuaminika kati ya makundi hayo mawili.

Kijana wa Mulago

Nimesoma kwa makini, na nina swali lenye ukakasi kidogo. Sisi huku Uganda tunakumbushwa mara kwa mara kwamba kuchanganya dawa kwa ajili ya limfoma kulipimwa Kampala mapema sana. Denis Burkitt aliuelezea uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958 akiwa Mulago, Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanzishwa mwaka 1967 kwa ushirikiano na Wamarekani, na mwaka 1972 tuzo ya Lasker ikatolewa kwa watafiti wa tiba ya kemo, Burkitt na John Ziegler wa taasisi yetu wakiwemo. Ikiwa kazi hiyo ilifanywa hapa na ikaleta uponyaji kwa watoto, kwa nini majaribio ya limfoma hii ya polepole yote yanatajwa Ujerumani, Ufaransa na Uingereza? Je, tumeachwa nje?

Mfamasia wa Wodi

Ndugu wa Mulago, swali lako ni la haki na lina majibu mawili ambayo hayana uzito sawa.

La kwanza ni la kibayolojia. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote, na kwa sababu hiyo hiyo dawa inayoua seli inayogawanyika huishambulia vikali, na mtafiti hupata jibu katika miezi michache, kwa kuwa mtoto amepona au amefariki. Jaribio la namna hiyo linaweza kufanyika katika hospitali moja yenye wagonjwa kadhaa na watafiti wenye bidii. Limfoma ya folikula inahitaji wagonjwa mamia wafuatiliwe kwa muongo mzima, wapigwe picha za CT kwa ratiba moja, na uvimbe wao usomwe na wataalamu wa patholojia wanaokubaliana. Isitoshe, aina hii ni sehemu ndogo zaidi ya limfoma zetu kuliko ilivyo Ulaya na Marekani, kwani huku kwetu zinazotawala ni zile kali.

La pili ni la fedha, na kwangu ndilo zito zaidi. Majaribio makubwa ya mchanganyiko wa mwanzo yamedhaminiwa kwa sehemu kubwa na watengenezaji wa dawa zilizokuwa zinapimwa, na mtengenezaji hupeleka jaribio kule anakotarajia kuuza. Sisemi kwamba matokeo yamepikwa. Ninachosema ni kwamba swali linalochaguliwa kupimwa ni lile linalomfaa anayelipa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kibiashara ya kupima, kwa mfano, kama rituksimabu chache zaidi zingetosha, ingawa kwa mfuko wa mgonjwa wa Dodoma au Kisumu hilo ndilo swali la kwanza.

Hata hivyo hatukuachwa nje ya matunda yake. Shirika la Afya Duniani liliingiza rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na tangu mwaka 2007 India imekuwa ikitengeneza nakala zake za bei nafuu zaidi. Siklofosfamidi, vinkristini, doksorubisini na prednisoloni ni dawa za zamani ambazo hospitali zetu kubwa za saratani zinazifahamu vizuri sana. Ndiyo maana mimi husoma kwa makini zaidi kundi la kulinganisha kuliko kundi la dawa mpya: kundi lile la "zamani" katika jaribio la Ulaya mara nyingi ndiyo tiba bora tuliyo nayo, na jaribio limetupatia kipimo chake cha kweli bila sisi kulipa.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Naomba nami niseme kidogo kutoka upande wa kitanda cha mgonjwa, kwa kuwa mjadala huu ukibaki kwenye miezi na asilimia tutasahau kinachompata mtu.

Kwenye lile jaribio la StiL, waliopewa CHOP mizunguko mitatu au zaidi wote walinyonyoka nywele. Waliopewa bendamustini hawakunyonyoka. Ganzi na kuchomachoma miguuni na mikononi, ambayo husababishwa na vinkristini, ilimpata asilimia 29 upande wa CHOP na asilimia 7 upande wa bendamustini. Vidonda vya mdomoni vilikuwa asilimia 19 dhidi ya 6. Maambukizi yalikuwa nusu ya wagonjwa wa CHOP na asilimia 37 ya wale wengine. Upele wa ngozi ndio uliokuwa mwingi zaidi kwa bendamustini. Kwa fundi cherehani au dereva, ganzi ya vidole ni suala la riziki, na mimi ningelipatia uzito huohuo unaopewa miezi bila ugonjwa. Doksorubisini nayo ina kikomo cha dozi ya maisha kwa sababu ya moyo, kwa hiyo ukiitumia mwanzoni umetumia silaha ambayo ungeihitaji siku ugonjwa ukigeuka kuwa mkali.

Lakini tusiigeuze bendamustini kuwa dawa laini. Chembe za kinga aina ya T hubaki chini kwa muda mrefu baada ya dripu ya mwisho, na nimeona mtu aliyemaliza vizuri akarudi baada ya miezi kadhaa na mapafu yaliyoambukizwa. Katika jaribio la GALLIUM, lililochapishwa mwaka 2017, vifo vilivyotokana na madhara vilikuwa vingi zaidi kwa waliopewa bendamustini kuliko waliopewa CHOP au CVP, ingawa kemo katika jaribio lile ilichaguliwa na kituo, haikugawanywa kwa kura, kwa hiyo inawezekana wagonjwa wenyewe walikuwa tofauti.

La mwisho, na hili nalisisitiza kwa watu wa ukanda wetu: kabla ya tone la kwanza la rituksimabu, mgonjwa apimwe homa ya ini B kwa vipimo vyote viwili, kile cha virusi vilivyopo na kile cha kingamwili za maambukizi ya zamani. Virusi vilivyolala kwa miaka vinaweza kuamka baada ya seli B kufutwa, vikaliharibu ini hadi kuua. Marekani iliweka onyo la juu kabisa kuhusu jambo hili mwaka 2013. VVU na kifua kikuu navyo vichunguzwe, kwa kuwa huku kwetu ni mambo ya kawaida.

Mwalimu wa Takwimu

Dada Muuguzi ametusaidia sana. Ningependa mleta uzi atufafanulie jaribio la RELEVANCE, kwa sababu niliwahi kusoma mahali likitajwa kuwa limeshindwa, na mahali pengine likatajwa kuwa limethibitisha kwamba kemo haihitajiki tena. Kauli zote mbili haziwezi kuwa kweli.

Mfamasia wa Wodi

Mwalimu, kwa maoni yangu zote mbili zimekosea, na jaribio hilo ndilo linaloonyesha vizuri kuliko yote ninachojaribu kukisema tangu mwanzo wa uzi.

RELEVANCE liliwagawa kwa kura wagonjwa 1,030 wa limfoma ya folikula waliohitaji tiba na hawajawahi kutibiwa. Upande mmoja walipewa rituksimabu na kemo, ambayo kwa wengi ilikuwa CHOP, kwa wengine bendamustini, na kwa wachache CVP. Upande mwingine walipewa rituksimabu na vidonge vya lenalidomidi, dawa ya ukoo wa thalidomidi inayoamsha chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe. Pande zote ziliendelea na rituksimabu ya matunzo, yaani dripu za kuchelewesha ugonjwa usirudi. Kilichopimwa kwanza kilikuwa ni wangapi wamesafika kabisa ifikapo wiki ya 120, pamoja na muda bila ugonjwa kuendelea. Matokeo ya mwaka 2018: waliosafika walikuwa asilimia 48 kwa lenalidomidi na asilimia 53 kwa kemo; waliokuwa bila ugonjwa kuendelea baada ya miaka mitatu walikuwa asilimia 77 na asilimia 78. Ufuatiliaji wa miaka sita ulileta asilimia 60 na 59, na waliokuwa hai walikuwa asilimia 89 pande zote mbili.

Sasa angalia swali lililoulizwa. Jaribio liliundwa kuthibitisha kwamba lenalidomidi inaishinda kemo. Haikuishinda, kwa hiyo kwa swali hilo jibu ni hapana. Lakini halikuundwa kuthibitisha kwamba haizidiwi, jambo linalohitaji mpaka uliowekwa kabla ya kuanza, mahesabu tofauti, na mara nyingi wagonjwa wengi zaidi. Huwezi kuingia mchezoni ukitafuta ushindi, kisha baada ya sare ukasema ulikuwa unatafuta sare. Matokeo yake ni kwamba Marekani iliporuhusu mchanganyiko huo mwaka 2019, iliuruhusu kwa wagonjwa waliokwisha kutibiwa, ikitegemea jaribio jingine ambalo lenalidomidi na rituksimabu zililinganishwa na rituksimabu na kidonge kisicho na dawa, na muda bila ugonjwa ukawa miezi 39.4 dhidi ya 14.1. Kwa mgonjwa mpya, daktari anayeutumia mchanganyiko huo anategemea namba zilizokaribiana bila muhuri rasmi.

Na madhara hayakuwa machache upande mmoja na mengi upande mwingine, yalikuwa ya aina tofauti. Kemo ilishusha chembe nyeupe kwa kiwango kikali kwa asilimia 50, lenalidomidi kwa asilimia 32. Homa hatari inayoambatana na hali hiyo ilikuwa asilimia 7 dhidi ya 2. Athari kali za ngozi ziliwapata asilimia 7 ya wa lenalidomidi na asilimia 1 ya wa kemo. Lenalidomidi pia hulemaza mimba, na inamezwa kwa zaidi ya mwaka, ambapo kemo huisha ndani ya miezi sita hivi.

Kuhusu hiyo rituksimabu ya matunzo niliyoitaja, jaribio la PRIMA liliwachukua wagonjwa 1,019 waliokuwa wameitikia tiba ya mwanzo, nusu wakapewa rituksimabu kila wiki nane kwa miaka miwili na nusu wakaangaliwa tu. Baada ya miaka mitatu, asilimia 74.9 hawakuwa wameendelewa na ugonjwa, dhidi ya asilimia 57.6. Baada ya miaka kumi, waliokuwa hai walikuwa karibu asilimia 80 pande zote mbili. Maambukizi yaliyohitaji kushughulikiwa yalikuwa asilimia 39 kwa waliopewa dawa na 24 kwa wasiopewa. Familia inayolipa kutoka mfukoni ikiniuliza kama iuze shamba kwa ajili ya dripu hizo kumi na mbili za ziada, huwaonyesha namba hizo zote tatu, sio ile ya kwanza peke yake.

Kijana wa Mulago

Nimeelewa kuhusu swali na jibu lake. Lakini basi, ikiwa muda bila ugonjwa haubadilishi maisha, kwa nini tujali kabisa ugonjwa ukirudi mapema?

Mwalimu wa Takwimu

Ndugu, hapo kuna wagonjwa ambao lazima watengwe. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Wamarekani 588 waliotibiwa kwa CHOP na rituksimabu ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano ugonjwa uliendelea ndani ya miaka miwili tangu utambuzi, na baada ya miaka mitano ni nusu tu ya hao waliokuwa hai, dhidi ya asilimia 90 ya wengine. Kwa kundi hilo dogo, kurudi mapema ni ishara mbaya kweli. Wastani wa jaribio zima unawachanganya na wale ambao ugonjwa wao ungekaa kimya miaka mingi kwa dawa yoyote ile, na ndiyo maana tofauti ya maisha haionekani. Kikwazo ni kwamba siku ya utambuzi bado hatuna kipimo kinachowatenga kwa uhakika. Alama za FLIPI, zinazohesabu umri, hatua, hemoglobini, idadi ya maeneo yenye tezi na kimeng'enya cha LDH, husaidia kukadiria tu.

Bi Mkubwa wa Kisauni

Nawashukuru nyote. Mdogo wangu nimemsomea sehemu ya GELF na ametulia kidogo. Swali langu la mwisho: jamaa wa Muskat sasa anataja sindano mpya zinazoshika seli mbili kwa wakati mmoja. Je, akisubiri mwaka au miwili, hizo zitakuwa zimefika?

Mfamasia wa Wodi

Bi Mkubwa, hizo ni kingamwili zenye pande mbili: upande mmoja hushika CD20 ya seli B, upande mwingine hushika CD3 ya seli T, ili chembe ya kinga iletwe ana kwa ana na seli ya saratani. Mosunetuzumabu na epkoritamabu ndizo zinazotajwa zaidi, na zilipata kibali kwanza kwa wagonjwa ambao ugonjwa umewarudia mara kadhaa. Kwa wagonjwa wapya zinapimwa sasa zikiwa zimechanganywa na lenalidomidi: jaribio la MorningLyte linaipima mosunetuzumabu dhidi ya kemo na kingamwili ya CD20, na EPCORE FL-2 linaipima epkoritamabu pamoja na rituksimabu na lenalidomidi. Kabla ya kuzitamani, familia ijue kwamba dozi za mwanzo zinaweza kuamsha kinga kupita kiasi, mgonjwa akapata homa na shinikizo la damu kushuka, kwa hiyo huhitaji kituo chenye uangalizi wa karibu na dawa ya tosilizumabu, inayotuliza hali hiyo, mkononi. Mdogo wako akifikia vigezo vya kutibiwa kabla ya majaribio hayo kukamilika, bendamustini au CVP au CHOP pamoja na rituksimabu ndizo zitakazokuwa mezani, na la kuzungumza na daktari wake siku hiyo ni kazi anayoifanya kwa mikono, hali ya moyo wake, na majibu ya homa ya ini B.

Bi Mkubwa wa Kisauni

Yeye ni fundi wa saa. Kipimo cha ini hakijafanywa, nitamwambia aombe kwenye miadi inayokuja.